Saa imeingia maji, kiwanda Uswisi kinataka zaidi ya milioni tatu. Maji yaliingiaje, na nilipe?

#1 Mtu wa Upanga
Wakuu habari. Naombeni akili zenu kabla sijajibu barua pepe ya watu.

Nina saa ya Uswisi, automatiki, mkanda wa chuma. Jina la kampuni nalihifadhi, sitaki kesi. Nilinunua mpya Dubai kwenye duka lenye kibali, risiti ipo, kadi ya waranti ipo na haijaisha muda. Mfuniko wa nyuma umeandikwa mita 100. Sijawahi kuogelea nayo, na nikienda kuoga naivua. Siku moja nimetoka Kigamboni naona ukungu chini ya kioo, upande wa namba 4. Kesho yake ukapotea. Baada ya hapo saa ikaanza kusuasua, mwisho ikagoma kabisa.

Nikapita kwa fundi Kariakoo. Akafungua mfuniko mbele yangu, akabana kile kioo jichoni, akasema "kutu hii, braza", akafunga. Hakugusa kitu kingine. Binamu yangu anaishi Dubai, akairudisha dukani, duka likaituma kiwandani. Majibu: maji ya chumvi yameingia, waranti haihusiki, saa ilishafunguliwa na mtu asiyeidhinishwa. Wanataka kufanya sevisi kamili, kubadilisha uso, mishale yote, kile kifungo cha pembeni na mrija wake, kile kibomba ambacho kifungo kinaingilia. Faranga 1,150. Ukigeuza kwa hela yetu inapita milioni tatu. Nikikataa wanairudisha kama ilivyo.

Maji yaliingiaje? Na nilipe au niirudishe kwa mafundi wetu?

#2 Siti ya Dirishani
Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

#3 Kaka Sinza
Mita 100 halafu hujawahi kuogelea nayo? Hii chai. Kigamboni ulienda kusali?

#4 Mtu wa Upanga
@Kaka Sinza nilienda kwenye arobaini. Nimekaa chini ya turubai mpaka jioni, mchanga wa bahari sikuukanyaga.

#5 Yai la Kanga
Weka kwenye mchele siku mbili mkuu. Simu yangu ilipona.

#6 Kaka Sinza
Mchele wa Kyela au wa Mbarali?

#7 Fundi Kibanio
Naomba niingie, hii ndiyo kazi inayonilisha.

Mchele achaneni nao. Ukiona ukungu unaonekana leo na kesho haupo, maji hayajaondoka. Yamehama kutoka kwenye kioo yakakaa kwenye chuma. Saa iliyoingia maji inafunguliwa siku hiyo hiyo, mashine inatolewa, inakaushwa. Ukisubiri, kile kijiti cha kutilia ufunguo kinaanza kutu, kisha springi, kisha vumbi jekundu linasambaa kwenye mafuta na kusaga kila linapopita.

Kuhusu hizo mita. Namba ile haimaanishi unaweza kuzama nayo mita hizo. Ni mgandamizo saa ilioustahimili kwenye kipimo ikiwa mpya, raba za kuzuia maji mpya, maji yametulia. Mita 30 ni ya kunawa mikono na mvua. Mita 100 unaogelea, lakini kwa masharti mawili: raba ziwe nzima, na kifungo cha pembeni kiwe kimefungwa. Kama ni cha kukaza kwa kuzungusha na wewe umerekebisha tarehe ukakisukuma tu bila kukikaza, saa ya mita 300 na ya mita 0 zinakuwa ndugu.

Kuna kipimo rahisi. Saa inapashwa kidogo, joto kama la maji ya kuogea mtoto, halafu unadondosha tone la maji baridi juu ya kioo. Dakika moja, unafuta. Ukungu ukibaki kwa ndani, kuna unyevu humo.

#8 Mtu wa Upanga
@Fundi Kibanio asante. Changu ni cha kukaza. Na tarehe huwa narekebisha kila mwezi wa siku 30 ukiisha.

#9 Siti ya Dirishani
Kesi imekwisha. Tarehe imekuponza.

#10 Mtu wa Upanga
Haijaisha. Huwa nakikaza.

#11 Kaka Sinza
Kila mtu huwa anakaza.

#12 Bibie wa Pemba
Mimi napikia shughuli, na saa yangu ilipata ukungu bila kuiona bahari. Ukifunua sufuria la pilau la watu mia mbili, ule mvuke unapiga mkono mzima. Halafu natoka pale naingia ukumbini kwenye kiyoyozi. Kioo kikawa kama cha gari asubuhi Lushoto. Kwa hiyo kaka, mimi nasema ni mvuke. Hamna bafu la maji moto nyumbani?

#13 Mtu wa Upanga
Lipo dada, ila saa huwa naiacha juu ya sinki.

#14 Bibie wa Pemba
Bafuni humo humo. Haya.

#15 Fundi Kibanio
Da Bibie hajakosea. Hewa ya ndani ya saa ikipata moto inatanuka, ikipoa ghafla inajikunja na kuvuta kilicho nje. Na sabuni inaua raba kuliko maji. Lakini mvuke wa bafuni hauna chumvi. Hao wameandika chumvi.

#16 Daktari wa Zamu
Jasho lina chumvi. Februari Dar, mtu kavaa saa imebana, kapanda mwendokasi saa kumi na moja jioni kutoka Kimara... mkono umeoga wenyewe. Sijui kiwandani wanatofautishaje chumvi ya bahari na ya jasho. Barua imesema "maji ya bahari" au "maji ya chumvi"?

#17 Mtu wa Upanga
Imesema chumvi tu. Bahari hawajaitaja.

#18 Daktari wa Zamu
Basi waandikie uulize hilo kabla hujalipa. Jasho ni matumizi ya kawaida ya saa. Nani anavaa saa bila mkono?

#19 Mjukuu wa Gerezani
Mnazunguka bure. Fundi wa Kariakoo ndiye aliyeharibu. Amefungua, raba imekaa upande, akafunga, maji yakaingia. Wenzetu wa Uswisi wameona alama za bisibisi.

#20 Fundi Kibanio
@Mjukuu wa Gerezani rudi posti ya kwanza usome. Ukungu ulitangulia, saa ikafa, ndipo akaenda kwa fundi. Huyo fundi wa watu amekuta maiti.

#21 Mjukuu wa Gerezani
Ameongezea basi.

#22 Fundi Kibanio
Kuongezea inawezekana. Mfuniko wa kuzungusha ukifunguliwa kwa kifaa kisicho chake unaacha mikwaruzo kwenye meno yake, na kiwandani ndicho kitu cha kwanza wanachoangalia. Nikimpokea mteja mwenye waranti, namwambia sifungui. Peleka kwa wenyewe kwanza. Mimi naikosa elfu ishirini yangu lakini nalala.

#23 Spea Kamili
Wakuu, tatizo kubwa ni sheria ya Uswisi. Serikali yao imepiga marufuku kuuza spea za saa nje ya nchi ili saa zote zirudi kwao. Ndiyo maana mafundi wetu wanaonekana hawajui kitu.

#24 Mkutubi
@Spea Kamili hapana, sio sheria ya serikali. Ni uamuzi wa makampuni yenyewe. Swatch Group, ambao ndio wenye Omega, Longines, Tissot na Rado, waliacha kuwauzia spea wauzaji wa jumla kuanzia mwisho wa 2015. Kampuni nyingine nazo zinatoa spea kwa mafundi waliosajiliwa nao tu. Mafundi wa Ulaya walishalalamika kwa Tume ya Ulaya, malalamiko yakatupwa 2014, wakaenda mahakamani, na 2017 mahakama ikasema Tume ilikuwa sawa. Kwa hiyo fundi wa London mwenye duka lake analia kilio kile kile cha fundi wa Mtaa wa Kongo.

#25 Spea Kamili
Matokeo si ni yale yale? Spea hupati.

#26 Fundi Kibanio
Hapa inategemea humo ndani kuna mashine gani. Saa nyingi za Uswisi hazina mashine ya kampuni iliyoandikwa usoni. Nyingi zilibeba ETA 2824 au nduguye Sellita SW200. Hizo nazijua kama kiganja changu, mapigo 28,800 kwa saa moja, na spea za Sellita zinatafutika. Mleta mada akinipa jina la mashine naweza kumwambia kama inatengenezeka hapa. Kama ni mashine waliyobuni wenyewe, hapo hata mimi nakunja mikono. Nitaiosha na kuitia mafuta, lakini gurudumu likiliwa na kutu silitoi popote.

#27 Mtu wa Upanga
Nikitaja mashine mtajua kampuni.

#28 Kaka Sinza
Kampuni tumeshaijua, inaanza na herufi...

#29 Mtu wa Upanga
Naomba usiendelee.

#30 Casio Milele
Mimi nina Casio F-91W. Imetoka kwao 1989 mpaka leo haijabadilika sura. Betri inakaa miaka. Ikifa nanunua nyingine Kariakoo na chenji inabaki ya soda. Milioni tatu ya kutengeneza saa? Hiyo ni kiwanja Chanika, au angalau kona ya kiwanja.

#31 Siti ya Dirishani
Ulichonunua Kariakoo una uhakika ni Casio?

#32 Casio Milele
Inasema saa au haisemi?

#33 Mzee wa Ilala
Vijana hamjambo. Nina la kusema kuhusu huo uso mpya.

#34 Mtu wa Upanga
Shikamoo mzee wangu, karibu.

#35 Mzee wa Ilala
Marahaba. Saa yangu ni ya miaka ya sabini, ya kutia ufunguo. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu aliipeleka kwa wenyewe huko Ulaya. Nao wakasema hivyo hivyo: uso mpya, mishale mipya. Uso wangu umegeuka rangi ya chai ya maziwa na chini kwenye 6 umeandikwa T SWISS T. Ile T ni tritiamu, ile dawa ya zamani ya kung'aa gizani, siku hizi hawaitumii. Nikamwambia mwanangu, akiwakubalia watanirudishia saa ya mtu mwingine. Tena vipande vya zamani mara nyingi hawakurudishii. Nikakataa. Ikarudi kama ilivyokwenda, na nauli tukalipa sisi.

Kuna fundi anakaa jirani na Samora, ukitokea Mnara wa Saa. Akaifungua yote, akaiosha, akaitia mafuta. Mpaka leo ninaivaa. Kwa hiyo mwanangu kabla ya kulipa uliza: vipande vyangu vya zamani nitapewa?

#36 Kaka Sinza
Shikamoo mzee. Inakwenda sawasawa na redio?

#37 Mzee wa Ilala
Inatangulia dakika tatu kwa siku.

#38 Kaka Sinza
Basi mzee hakosi swala ya jamaa.

#39 Mkutubi
Mzee wa Ilala ana hoja lakini haimhusu sana mleta mada. Kwa saa ya kale, uso wa asili ndiyo thamani yenyewe, ukibadilisha umepoteza. Kwa saa mpya uso ulioota madoa ya kutu hauna mnunuzi. Huyu akibadilishiwa na kiwanda, akapewa na karatasi za sevisi, thamani inapanda.

#40 Mpita Njia
Mimi naona ni wizi wa kistaarabu. Ukienda na tatizo la raba ya shilingi mia tano wanakuuzia nusu ya saa. Mishale imekosa nini?

#41 Fundi Kibanio
Mishale ikikaa na unyevu ile dawa ya kung'aa inavimba na kubanduka. Chembe moja ikidondoka ndani ya mashine, umerudi mwanzo. Na wakishaitengeneza wanaipa waranti mpya, kampuni nyingi miaka miwili. Hawawezi kutoa waranti juu ya mshale wenye kutu. Hapo nawatetea, ingawa bei siitetei.

Kinachonisumbua ni ule mrija. Kwa nini wanabadilisha mrija wa kifungo? Raba ikichoka unabadilisha raba. Mrija unabadilishwa ukipinda, au ukiliwa. Mimi nahisi saa ilipigwa ubavuni. Mlango wa gari, kona ya meza, usukani wa bodaboda. Kifungo kinapinda kidogo ambacho jicho halioni, kinakaza vizuri tu, lakini upande mmoja unavuja.

#42 Mtu wa Upanga
Sikumbuki kuigonga.

#43 Bibie wa Pemba
Kwa hiyo fundi sasa umeacha mvuke wangu?

#44 Fundi Kibanio
Sijauacha dada. Mrija umepinda, mvuke umepata njia.

#45 Daktari wa Zamu
Na jasho pia. Msilisahau jasho.

#46 Mtoto wa Keko
Mimi ilikuwa saa inakimbia, karibu robo saa kwa siku. Duka fulani likaniambia itumwe nje kwa miezi. Nikaenda kwa fundi wa mtaani, akachukua dira ndogo kama zile za skauti, akaisogeza karibu na saa, sindano ikacheza. Akasema umeilaza juu ya spika. Na kweli, kila usiku nilikuwa naiweka juu ya spika ya redio. Akaipitisha kwenye kidude chake cha kutoa sumaku, sekunde kadhaa, nikalipa elfu kumi. Kwa hiyo wanaosema kiwandani tu ndiyo mahali, sio kila ugonjwa wa kupeleka India.

#47 Mjukuu wa Gerezani
Sumaku na kutu wapi na wapi?

#48 Mtoto wa Keko
Nimetoa mfano, sijatoa dawa.

#49 Haki Sawa
Mleta mada nenda Tume ya Ushindani. Waranti ni mkataba. Wameandika mita 100 wenyewe, wathibitishe kwamba uliizamisha.

#50 Mkutubi
Alinunua Dubai, kutoka duka la Dubai. Tume yetu itamshikaje muuzaji wa huko? Asome kitabu cha waranti. Vingi vinakataa uharibifu wa ajali, matumizi mabaya na kufunguliwa na fundi asiyesajiliwa. Hicho kipengele cha mwisho ndicho watakachomshikia, hata kama maji yalitangulia.

#51 Wakala wa Forodha
Nimesoma uzi wote hakuna aliyeuliza la maana. Saa ilitokaje Tanzania?

#52 Mtu wa Upanga
Binamu alikuja likizo, akaondoka nayo mkononi.

#53 Wakala wa Forodha
Nilijua. Sikiliza. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina utaratibu wa mali inayotoka kwenda kutengenezwa na kurudi. Unaitangaza inapotoka, namba yake ya usajili inaandikwa kwenye TANSAD, ile fomu ya forodha, ikirudi inakaguliwa kama ndiyo ile ile, na kodi inapigwa kwenye gharama ya matengenezo, sio kwenye thamani ya saa nzima. Kwako hakuna karatasi ya kutoka. Ikija kwa kifurushi na kwenye fomu wameandika thamani kamili ya saa, utaonekana umenunua saa mpya. Ushuru, halafu VAT asilimia 18 juu yake. Milioni tatu yako inapata wenzake.

Tafuta risiti ya kununulia, kadi ya waranti yenye namba, na waambie kiwanda waandike kwenye ankara kwamba ni saa iliyotengenezwa inarudi kwa mwenyewe, gharama ya matengenezo mstari wake. Haikupi uhakika, ila una cha kuzungumzia.

#54 Spea Kamili
Nakazia. Mteja wangu aliletewa saa yake mwenyewe akailipia kama mgeni, wakala wake hakuandika kitu wakati inatoka.

#55 Casio Milele
Si binamu arudi nayo mkononi kama alivyoondoka nayo?

#56 Wakala wa Forodha
Hiyo posti sijaiona.

#57 Siti ya Dirishani
Swali la pembeni kwa wenye saa za bei: zinasoma saa yetu? Yaani mshale uko kwenye 10 wewe unasema saa nne. Huyo Mswisi akijua milioni zote hizi mtu anaisoma kichwa chini...

#58 Kaka Sinza
Ndiyo maana ikasusa.

#59 Mtu wa Upanga
Wakuu mrejesho. Niliwaandikia mambo matatu. Moja, chumvi ni ya bahari au ya jasho. Wamejibu hawapimi chanzo, wanaona athari tu. Mbili, wafanye mashine na mrija, uso na mishale waviache. Wamekataa, hawafanyi kazi nusu kwa sababu hawawezi kuitolea waranti. Tatu, vipande vya zamani. Wamesema watanirudishia uso na mishale nikiomba kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Mzee wa Ilala asante sana kwa hilo.

Picha ya ndani wameituma. Mrija kweli umeliwa upande mmoja.

#60 Fundi Kibanio
Umeliwa au umepinda?

#61 Mtu wa Upanga
Kwa macho yangu umeliwa. Kuna kijani kijani.

#62 Daktari wa Zamu
JASHO.

#63 Fundi Kibanio
Taratibu daktari. Chuma cha pua hakitoi kijani. Kijani ni shaba. Kama mrija wao una shaba ndani, basi maji yamekaa pale muda mrefu kabla ya hiyo siku ya Kigamboni, na mimi ningewauliza kwa nini saa ya bei hiyo. Au ni uchafu wa mkono na sabuni umeganda. Kwa picha siwezi kuapa.

#64 Mpita Njia
Si nilisema wizi wa kistaarabu.

#65 Bibie wa Pemba
Sabuni imetajwa. Sinki ya bafuni ina sabuni. Mimi naendelea kukaa hapa.

#66 Mkutubi
Hesabu yangu: angalia saa kama yako, iliyotumika, yenye karatasi, inauzwa bei gani. Toa faranga 1,150, usafiri na kodi. Kikibaki kitu cha maana, lipa. Kisipobaki, muulize Fundi Kibanio atachukua ngapi kuijaribu.

#67 Fundi Kibanio
Jina la mashine kwanza. Nitumie pembeni, sitangazi.

#68 Mtu wa Upanga
Nimekutumia.

#69 Fundi Kibanio
Nimeona. Mkuu lipa tu kiwandani.

#70 Kaka Sinza
Herufi niliyoiwaza ilikuwa sahihi.

#71 Mjukuu wa Gerezani
Mleta mada kama unaona uzito, mimi naichukua hivyo hivyo ilivyo, na kutu yake. Laki tano.

#72 Mtu wa Upanga
Mkuu heshima yako.

#73 Mjukuu wa Gerezani
Laki sita, boksi na risiti viwemo. Nauli ya kutoka Uswisi juu yako.

#74 Wakala wa Forodha
Na kodi juu ya nani?